Kikundi cha Watoto Sita, Kazi ya Mmoja

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Binti yangu yuko Gredi ya 8. Mwalimu amewagawa vikundi vya watoto sita na alama ya mradi hupewa wote sawa. Binti hukesha na bango la sayansi, wenzake huandika majina tu. Sasa kuna kijana apita majumbani na kipimo cha "mtindo wa kujifunza", shilingi 3,000. Asema binti yangu ni "wa kuona" na kikundi chake kimejaa "wa kusikia", ndiyo sababu hawaendani. Nilipe nimpelekee mwalimu cheti, ama nimwombe amwache afanye peke yake? – Mama, Langoni, Lamu

JIBU: Wa alaykum salaam, dadangu. Hizo 3,000 zirudishe fundoni mwa leso.

Naanza na huyo kijana kwa kuwa barua kama yako huzipata hapa Malindi kila muhula, na zimenichosha. Ili maneno yake yawe kweli, sharti watoto "wa kuona" na "wa kusikia" wafundishwe kwa njia zote mbili, wapewe mtihani mmoja, na kila kundi lionekane limefaulu zaidi kwa njia "yake". Mwaka 2008 Harold Pashler na wanasaikolojia wenzake watatu walipekua tafiti za jambo hili. Zilizofuata utaratibu huo zilikuwa chache mno, na baadhi zilikwenda kinyume kabisa na madai hayo. Watoto wana wanayoyapenda, sikatai. Wangu hupenda kusoma amelala chali. Lakini njia ya kufundisha huamuliwa na kinachofundishwa. Tajwidi, yaani kanuni za kuisoma Kurani, haisomwi kwa macho matupu hata mtoto aitwe "wa kuona", na kudarizi kofia hakufundishwi kwa hotuba.

Wenzake binti yako wanategea, basi. Mfaransa Maximilien Ringelmann aliwapima watu wakivuta kamba, na mwaka 1913 akachapisha matokeo: wanane wakivuta pamoja walitoa karibu nusu tu ya jumla ya nguvu ambazo wangetoa kila mmoja akivuta pekee. Sababu moja ni kutovuta kwa pigo moja, na hiyo mabaharia wenu huiponya kwa wimbo wanapopandisha tanga. Nyingine ni kutegea: kwenye kamba moja nani ajuaye aliyelegeza mkono? Bango moja, alama moja, majina sita, hiyo ndiyo kamba yenyewe.

Hata hivyo usimtoe kikundini. Utafiti wa mtaalamu wa elimu Noreen Webb ulionyesha kwamba mtoto anayemweleza mwenziwe hatua kwa hatua hujifunza zaidi yeye mwenyewe, ilhali kutoa jibu tupu hakumfaidi. Binti yako sasa hata jibu hatoi. Anapaka rangi usiku.

Mwendee mwalimu kwa adabu, zungumzeni namna kazi inavyogawanywa. Mwaka 1971 huko Austin, Texas, mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake walilikata somo vipande: kila mtoto akabeba kipande chake, akawafundisha wenzake, kisha mtihani kila mtu na wake. Usipomsikiliza mwenzio, kipande chake huna. Mtafiti wa elimu Robert Slavin naye alisisitiza kwamba kikundi kisifiwe kwa kile alichojifunza kila mmoja, si kwa bango. Na wawe wanne. Sita ni baraza. Mtaala wa umilisi unataka "mawasiliano na ushirikiano", wengine wakaelewa ni kusogeza madawati.

Wazazi wengine mnaosoma hapa, jihadharini pia na wanaosoma alama za vidole vya mtoto wakakwambia atakuwa mhandisi, na wale wa "ubongo wa kushoto na wa kulia", wasemao kila mtoto hutawaliwa na upande mmoja wa ubongo. Wote wanafanana: lawama humtwika mtoto, kazi mbovu wakaiacha ilivyo, kisha wakatoza. Mwaka jana mzazi mmoja wa Barani aliniletea karatasi mbili za mwanawe, kipimo kilekile, wiki tatu baina yake. Ya kwanza ilisema "wa kusikia", ya pili "wa vitendo". Alizilipia zote mbili, na alichotaka kwangu ni nimwambie aamini ipi.