Amplifaya ya Gitaa: Tafuta Kengele Kwanza, Ukali Utaufuata

Kijana mmoja anayepiga gitaa kwenye kwaya ya vijana hapa Moshi alinifuata baada ya ibada. "Shikamoo kaka. Nataka amplifaya yenye ule mlio wa Kiingereza wa zamani, unaolia kama kengele, ila iwe na ukali zaidi. Ninunue ipi?" Mvua ilikuwa inaanza, nikamjibu kwa maneno mawili matatu tukaachana. Tangu siku hiyo jibu lile halijanipa raha. Swali lake ndilo lililonila mimi miaka minne na hela nyingi, na hakustahili kujibiwa mbio mbio. Basi hili hapa jibu kamili.

Kwanza tuelewane ni mlio gani. Piga kodi ya D ya nyuzi wazi (yaani noti kadhaa kwa pamoja), taratibu. Kwenye amplifaya nyingi utasikia bonge moja la sauti. Kwenye hizi za Kiingereza unasikia kila uzi na nafasi yake, na juu ya nyuzi zote kuna mng'ao, kama mtu amegonga glasi kwa kijiko chumba cha pili. Ukikaza mkono, mng'ao unaanza kukwaruza kidogo kidogo, bila kuruka kutoka sauti safi kwenda kelele. Mkwaruzo huo ndio ninaouita ukali. Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi tunaujua uzuri wa jambo hili hata kama hatukuwahi kulipa jina. Solo ya dansi inataka kila noti itoke peke yake, isikike juu ya tarumbeta bila kupigana nazo.

Mlio huu una kwao. Kampuni ya Jennings ya Dartford, katika jimbo la Kent, ilitoa amplifaya ya Vox AC15 mwaka 1958, na muda mfupi baadaye ikaja AC30. Aliyezibuni ni Dick Denney. AC15 inaendeshwa na valvu mbili za EL84, AC30 inazo nne. Valvu ni vile vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa, ndugu wa zile zilizokuwa kwenye redio za babu zetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wapiga gitaa walidai trebo (sauti za juu) zaidi, ndipo ikaongezwa sakiti ya Top Boost, na hiyo ndiyo wengi wetu tunayoisikia tukisema "kengele". Kuna jambo jingine ndani ambalo halionekani. Amplifaya nyingi hurudisha sehemu ya sauti ya mwisho kule nyuma ili kuituliza na kuinyoosha. Vox hawakufanya hivyo. Kwa hiyo sauti inabaki wazi, ina ncha, na inapofika ukomo haigongi ukuta, inalegea polepole.

Mimi nilianza kwa kukosea. Nilinunua amplifaya ya transista, isiyo na valvu, ya wati 100, yenye gaini (ile nguvu inayoifanya sauti ikwaruze) ya kutosha kubomoa nyumba na nobu nyingi zinazometameta. Chumbani ilinivutia mno. Kisha Jumamosi moja ya mwezi wa saba, baridi ya Arusha imeshika, tukapiga kwenye harusi katika ukumbi mmoja wa Njiro. Kulikuwa na kinanda, besi, ngoma, saksafoni mbili na waimbaji wanne. Nikapandisha gaini, kisha volyumu. Wimbo wa tatu kiongozi wetu akaniinamia sikioni: "Ndugu yangu, nasikia gitaa linakoroma tu, silisikii likiimba."

Alikuwa amesema kweli, na ilinichukua muda kuelewa kwa nini. Gaini ikizidi inabana sauti. Ule mpigo wa kwanza wa uzi, ambao ndio unaopenya katikati ya vyombo vingine, unasawazishwa na mkia wake, na kila kitu kinakuwa na kimo kimoja. Ukiwa peke yako unaona umejaa. Ukiwa na bendi umepotea. Nikajaribu kushusha gaini ya mashine ile ili nipate mng'ao, nikapata sauti iliyopooza, kama gitaa limefunikwa blanketi. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa kila anayejiandaa kununua alijue: amplifaya isiyo na kengele huwezi kuitia kengele, lakini yenye kengele unaweza kuitia ukali.

Ushahidi mzuri una undugu na sisi. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Mpiga gitaa wa bendi yake ya Queen, Brian May, ana sauti nene na kali inayojulikana duniani kote. Wengi hudhani imetoka kwenye mashine ya gaini kubwa. Ni AC30 zilizofunguliwa volyumu hadi mwisho, na mbele yake kimewekwa kifaa kidogo cha kusukuma trebo. Rory Gallagher wa Ireland naye alipita njia hiyo hiyo, AC30 na kiboksi cha Dallas Rangemaster chenye transista moja tu ndani.

Kinachotokea ni hiki. Kiboksi kile kinaongeza nguvu ya sauti ya gitaa kabla haijafika kwenye valvu, lakini kinaongeza zaidi sauti za juu na kuacha besi, yaani sauti za chini, nyuma. Valvu zinakwaruza kwenye sauti za kati na za juu, besi haigeuki tope. Na ukali wote unabaki mkononi mwako: ukishusha volyumu ya gitaa lenyewe kutoka kumi hadi sita, kengele inarudi palepale, hujagusa kiboksi wala amplifaya. Ukishaonja uhuru huo, kubonyeza bonyeza vitufe katikati ya wimbo kunachosha.

Kama hupati kisukuma trebo, pedali ya ovadraivu ya kawaida (kiboksi cha kukanyaga cha kuongeza mkwaruzo) inafanya kazi nzuri, mradi uigeuze matumizi: gaini yake chini kabisa, volyumu yake juu. Usiitumie kutengeneza mkwaruzo. Itumie kuisukuma amplifaya, yenyewe ikwaruze.

Yangu ya sasa ni AC15 yenye spika moja ya inchi 12. Niliipata Sakina, Arusha, kwa mwalimu mgeni aliyekuwa anauza vitu vyake arudi Uingereza. Niliogopa wati 15 zitakuwa chache. Hazikuwa chache. Kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaiona ndogo. Kanisani naiwekea maiki mbele, harusini pia. Wati 30 zina faida moja kubwa, sauti inakaa safi zaidi unapopandisha volyumu. Lakini kama shida yako ni ukali, hilo halikusaidii, kwa sababu utaanza kuupata ukali wakati watu wa meza ya mbele wameshaziba masikio.

Zipo nyingine za kufikiria. Marshall ya miaka ya 1960, modeli iitwayo 1974 (ni jina, si mwaka) ya wati 18, nayo ina EL84 mbili, inang'aa kiasi na inanguruma zaidi. Kama moyo wako uko zaidi upande wa roki, tafuta zilizotengenezwa kwa sakiti hiyo. Orange Tiny Terror ina ukali mwingi kwa umbo dogo, ila kengele yake mimi sikuridhika nayo. Matchless DC-30 ya Marekani iliundwa kwa kufuata AC30 na ni kazi ya fundi hodari, bei yake ndiyo mlima. Usidanganywe na mtu anayekwambia EL84 pekee inatosha, maana hata Fender Blues Junior inazo na haina mlio huu. Sakiti na spika vina neno. Na kama bajeti ni ya mwanafunzi, amplifaya za kidijitali zina miigo ya AC30 ndani, na kwa mazoezi ya chumbani zinatosha kabisa.

Ukienda kujaribu, nenda na gitaa lako na waya wako. Muuzaji akikupa gitaa lake unajaribu gitaa lake. Zima riva (mwangwi), zima kila madoido. Weka nobu zote katikati, piga D ile ile, kwanza kwa kidole gumba, kisha kwa kipiki, kisha kwa nguvu. Sikiliza mng'ao unavyogeuka. Kama kuna mahali unaruka ghafla, weka alama moyoni. Kisha pandisha hadi volyumu utakayopigia kweli, hata muuzaji akunje uso. Mwombe kwa adabu dakika mbili tu. Amplifaya ya valvu kwenye volyumu ya kunong'ona haijakuonyesha chochote. Halafu mpe mwenzako gitaa, wewe sogea hatua kumi, kwa sababu hapo ndipo wanapokaa wasikilizaji wako.

Kwenye Vox kuna nobu iitwayo Tone Cut ambayo imewafanya watu wengi waikatae mashine nzuri. Inafanya kazi kinyume na trebo: ukiizungusha kwenda kulia, ukali wa juu unapungua. Nimeona mtu ameipuuza ikiwa kushoto kabisa, akasema amplifaya inachoma masikio. Nikaizungusha hadi robo tatu, akanyamaza, akaendelea kupiga. Jambo jingine, trebo na besi za Top Boost zinategemeana. Ukizipandisha zote mbili pamoja, sauti ya kati inachimbika, na sauti ya kati ndiyo makao ya gitaa kwenye bendi. Mimi besi naiacha chini ya nusu, trebo nusu.

Sasa umeme, na hapa nakuomba usipitishe macho haraka. Kwetu ni volti 230. Amplifaya iliyotoka Uingereza inachomekwa moja kwa moja, hata plagi yake ya pini tatu ni hii hii yetu. Iliyotoka Marekani ni ya volti 120. Ukiichomeka bila transfoma ya kushusha, ukipona ni fyuzi, usipopona ni transfoma ya ndani. Geuza mashine, soma maandishi ya nyuma kabla hujatoa hela, hata kama muuzaji anaapa.

Umeme ukishuka jioni mtaa mzima ukiwa unapika, valvu hazipati joto lake na sauti inakuwa nyembamba. Nilihangaika wiki nzima nikidhani valvu zimekufa, mpaka fundi mmoja wa redio pale Mbuyuni alipopima soketi ya nyumbani kwangu, mita ikasoma 188. "Mashine yako nzima, mzee wangu. Inalia njaa." Nikanunua stebilaiza, tatizo likaisha. Ukumbini kwenye jenereta siwashi kabla haijatulia.

Pini ya athi, yaani ya waya wa ardhini, usiikate kamwe. Ukumbi usio na waya wa ardhini utakujulisha midomo yako ikigusa maiki huku umeshika nyuzi, na mshtuko huo si wa kuuzoea. Siku hizi nabeba bisibisi ya tesita, nagusa maiki kabla sijaigusa kwa mdomo. Na fundi unayempa amplifaya ya valvu mwambie waziwazi kwamba kapasita za ndani, vile vipande vinavyohifadhi umeme, zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa plagi. Fundi mzuri atakwambia anajua, kisha atakuonyesha anavyozimwaga.

Upande huo AC15 na AC30 zina wema wake kwetu huku tulio mbali na mafundi wa amplifaya: valvu zake za EL84 hujipangia mkondo wa umeme zenyewe. Ukizibadilisha, unachomoa za zamani, unachomeka mpya zilizolingana, unapiga. Marshall nyingi za EL34 zinataka fundi mwenye mita arekebishe kila unapobadilisha. Ila valvu za Vox hufanya kazi kwa joto kubwa, kwa hiyo mgongo wa mashine usiusogeze kwenye pazia la ukumbi, na ukimaliza kupiga iache ipoe kabla hujaibeba. Valvu ya moto ikitikiswa kwenye buti la gari kutoka Arusha hadi Moshi haifiki salama.

Zangu za akiba nimezivika soksi za sufu, zimo kwenye mkoba wa gitaa pamoja na fyuzi tatu. Yule kijana nimemwambia aje Jumamosi saa nne asubuhi, majirani wakiwa sokoni, aje na gitaa lake na waya wake. Stebilaiza nitakuwa nimeiwasha.