Mabanda ya kuku yaligoma kuwa fremu

Fundi seremala alisimama mlangoni mwa chumba nilichomfungulia, akatoa futi mfukoni, akapima ukuta hadi ukuta, akairudisha. "Dada," akaniambia kwa upole, "mbao ni futi kumi na mbili. Humu nailazaje?"

Chumba kilikuwa mita tatu na nusu kwa mita tatu na nusu. Futi 12 ni kama mita 3.66. Nilikuwa na vyumba 16 vya kupangisha vya namna hiyo, nilivyovikata ndani ya banda la kuku, vimepigwa plasta na rangi, vina milango ya chuma, na hakuna hata kimoja ambacho ubao ungelala umenyooka kando ya ukuta.

Shamba letu liko Veyula, Dodoma, upande wa barabara ya kwenda Arusha. Baba alilianzisha wakati mtu wa mjini akisikia Veyula anauliza kama kuna simba. Alipanda zabibu, akajenga mabanda matatu ya kuku wa mayai na ghala la mahindi. Kisha mwaka 2016 serikali ikatangaza kwamba safari hii inahamia Dodoma kweli, mwaka uliofuata CDA, mamlaka iliyokuwa ikisimamia ardhi ya mji, ikavunjwa na ardhi ikaenda kwa halmashauri, na viwanja vikapimwa mpaka kwenye uzio wetu. Majirani wapya walilalamikia nzi na harufu, na sikuona la kuwajibu maana walikuwa na haki. Chakula cha kuku nacho kikapanda, mzee akachoka. Tulipouza kuku wa mwisho yakabaki mabanda, popo na mchwa.

Barabara ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112.3 inayopita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, ilipoanza kuchimbwa, kila mwenye ukuta akaanza kusema "fremu", yaani vyumba vya maduka vya kupangisha. Na mimi nikasema fremu. Banda la kwanza lilikuwa mita 28 kwa 7. Nikalikata katikati kwa urefu, nikapata vyumba nane vinavyotazama huku na nane kule. Hesabu ya daftari ilikuwa tamu: 16 mara shilingi 50,000, laki nane kila mwezi. Kwa miezi mitano nilipata wapangaji wawili, fundi cherehani na kijana wa kuhifadhi soda.

Fremu inaishi kwa wapita njia, na banda letu liko mita mia mbili ndani, nyuma ya mizabibu. Nani atatembea mpaka huko kununua vocha? Hilo lilipaswa kuwa la kwanza kujiuliza, lakini nilikuwa nimeshamlipa fundi.

Seremala ndiye aliyenifungua macho. Hakutaka barabara. Wateja wake humpigia simu, au yeye huwafuata kwenye nyumba zinazojengwa. Alitaka nafasi, mlango mpana ambao pikapu ndogo ya Kirikuu inaingia kinyumenyume, umeme wenye nguvu na mahali pa kupiga kelele bila kuitwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Vyote hivyo banda la kuku tayari linavyo au linakaribia kuwa navyo, nami nilikuwa nimetumia pesa kuviondoa. Nikavunja kuta nilizojenga mwenyewe. Sasa lina kumbi nne za mita saba kwa saba, kila moja laki moja na nusu. Ni laki sita kwa mwezi, pungufu ya zile laki nane za daftari, ila hizi zinaingia.

Kwa hiyo kabla hujaita fundi, tembea kwanza vijiwe vya mafundi wa eneo lako: wa kuchomelea mageti, wa sofa, wa aluminiamu, wa kufyatua tofali, wakamuaji wa alizeti. Uliza wanabanwa na nini hapo walipo. Wengi Dodoma wanafanya kazi chini ya mti au kwenye kiwanja cha mtu ambaye kesho anaanza kujenga. Hao ndio wapangaji wako. Na hawalipi miezi sita mbele, usijidanganye. Seremala mwenye miezi sita ya kodi mkononi anakwenda kununua mbao. Mimi napokea mitatu mitatu.

Sasa jengo lenyewe, maana hapa ndipo nilipoungua zaidi.

Nilikarabati mwezi wa nane. Dodoma mwezi wa nane kila kitu kikavu, hata uongo unaonekana mkavu. Sakafu ya banda nilikuta jamvi la zege la inchi mbili, nikalifagia, nikalimwagia maji na sabuni, nikapaka niru ya saruji juu. Halikunuka kabisa. Fundi cherehani akaingia na vyerehani vyake vitatu, na kufika Januari alikuwa na sare za shule zimening'inia kuta zote, sketi za bluu na mashati meupe. Mvua kubwa ya kwanza ya mwezi huo ilinyesha usiku. Asubuhi mama mmoja akaja kuchukua sare ya mwanawe, akaiinua, akainusa, akaitazama, akainusa tena. "Mbona inanuka kuku?"

Nilikuwepo. Nilitamani ardhi ipasuke. Miaka ya kinyesi ilikuwa imepenya kwenye zege na kushuka kwenye udongo wa chini. Kikikauka kinalala, unyevu ukipanda kinaamka. Fundi alifua upya sare zote, na nilimsamehe kodi ya miezi miwili bila kuombwa.

Dawa yake haina mkato. Tulivunja jamvi lote, tukachimba udongo futi moja na kuutupa mbali, tukajaza moramu, tukashindilia, tukatandika nailoni nzito, ndipo zege jipya la inchi nne. Plasta ya kuta tuliichokoa mpaka usawa wa kiuno na kupiga upya. Inchi nne hizo zina kazi nyingine pia: mashine ya randa au ya kukamua alizeti ukiiweka juu ya inchi mbili, inaanza na ufa kama unywele, na kabla ya mwaka una vipande. Upande wa juu wa mteremko tukachimba mtaro wa kukinga maji, kwa sababu mvua yetu ni ya miezi michache lakini ikija inakuja kwa hasira. Ushauri wangu ni kwamba jengo la shamba ulikague Januari au Februari, ukiwa na gambuti miguuni. Kama una haraka, mwaga mapipa ya maji sakafuni jioni, funga milango, rudi asubuhi na pua yako.

Paa nalo lina siri zake. Amonia, ile hewa kali ya kinyesi cha kuku, hula bati kutokea ndani, na kwa nje unaona bati zima. Panda ngazi, angalia vichwa vya misumari na maungio. Kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa, tumia bisibisi: ichomeke kila baada ya hatua moja, hasa pale mbao inapokaa juu ya ukuta. Ikizama kama kwenye mkate, mchwa wameshakula, badilisha. Sisi tulibadilisha kenchi tatu kati ya kumi. Mzee alisisitiza tupake oili chafu kama zamani. Tukampakia oili yake kwenye nguzo za uzio ili asikasirike, na kenchi tukazipiga dawa ya mchwa.

Banda la kuku kwa kawaida lina kozi nne au tano za tofali, kisha wavu hadi juu. Mara ya kwanza niliziba wavu wote kwa tofali. Oktoba ilipofika humo ndani mlikuwa tanuri. Mara ya pili niliacha wavu upande wa magharibi, na mashariki, unakotoka upepo na vumbi la kipupwe, nikajenga ukuta wenye tofali za matundu juu. Baadhi ya bati nikaziondoa na kuweka za plastiki zinazopitisha mwanga. Mpangaji anayefanya kazi mchana kutwa bila kuwasha taa anakumbuka.

Kuhusu umeme, omba TANESCO umeme wa njia tatu (three-phase) mapema, kabla hata ya kupiga plasta, kwa sababu kama nguzo ya njia tatu iko mbali gharama yake inaweza kuvunja mradi mzima. Mashine kubwa za useremala na za kusaga haziendi kwa njia moja. Na usiweke LUKU, ile mita ya kulipia kabla, moja ya wote. Nilifanya hivyo kwa miezi minne na kila Jumamosi jioni ilikuwa kesi: uniti zimeisha, fundi wa kuchomelea anasema yeye alichoma bawaba mbili tu, fundi cherehani anasema yeye ana pasi tu. Pasi! Sasa kila mmoja ana mita yake. Kumbuka kodi ya jengo hukatwa humo humo kwenye LUKU tangu 2021, kwa hiyo anayekatwa ni mpangaji wakati deni ni lako. Mimi naipunguza kwenye kodi ya pango bila mjadala.

Moto sikuufikiria mpaka uliponijia. Kuta za kugawanya kumbi zilikuwa zinaishia usawa wa kenchi, juu kuko wazi. Cheche za fundi wa kuchomelea ziliruka ukuta na kutua kwenye lundo la maranda la seremala. Bahati kijana wake alikuwa anakunywa chai pale pale. Aliimwaga, akafuata ndoo. Wiki hiyo hiyo tulipandisha kuta zote mpaka zikagusa bati, na fundi wa kuchomelea akahamia ukumbi wa mwisho, upande upepo unakoelekea. Sasa kuna mitungi ya kuzimia moto na ndoo za mchanga.

Makaratasi nitayapitia haraka, ila usiyaruke. Nenda ofisi ya mipango miji ukiwa na hati yako, ujue eneo lako limeandikwa matumizi gani. Kama ni makazi au kilimo, karakana inahitaji kibali cha kubadili matumizi, na majirani wale wale waliolalamikia kuku watalalamikia msumeno. Andika mkataba na kila mpangaji, hata yule unayemwita mdogo wangu, kwa sababu ataombwa mkataba huo akienda kutafuta leseni ya biashara. Na usishtuke kama nilivyoshtuka mimi mpangaji aliyesajiliwa vizuri alipoleta asilimia 90 ya kodi. Nilimpigia simu kwa sauti ya juu. Kumbe asilimia 10 ni kodi ya zuio, anaikata na kuipeleka TRA kwa jina langu. Mwombe cheti chake, kitunze, utakihitaji unapowasilisha hesabu zako.

Jenga choo kizuri, cha wanaume na cha wanawake, na karo la maji taka la kutosha. Kwa choo kibovu nimepoteza mpangaji mmoja tu, lakini alikuwa mlipaji wangu bora.

Mzee hupita kila asubuhi na fimbo yake. Akimkuta seremala anamwambia "Mbukwa," wanazungumza Kigogo kidogo, kisha anachungulia. Kwake kumbi bado zina majina ya zamani. "Yule wa banda la vifaranga amelipa?" ananiuliza. Maranda ya kutandikia kuku tuliyokuwa tunanunua kwa guta kutoka mjini sasa yanatoka kwetu, na wafugaji wa Makutupora wanakuja kuyachukua.

Sasa ni zamu ya ghala la mahindi. Kuna mkamuaji wa alizeti analitaka tangu mwezi wa saba, ameshapima mahali pa mashine na mahali pa kuweka mashudu, yale makapi yanayobaki, ana pesa ya miezi mitatu mkononi. Mafuta ni chakula, kwa hiyo TBS watataka kuona kuta zinazooshwa, maji safi na panya wasio na njia ya kuingia. Hayo yote naweza kuyafanya. Nimemwomba asubiri Januari ipite, nione sakafu ya ghala inanukaje.