Aliyeshinda ndiye abishe hodi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: uchaguzi wenye uhasama umekwisha, utarudije kuzungumza na mtu wako wa karibu aliyepigia kura upande wa pili? Nina jibu, ila nalitoa nikiwa upande ambao kwa kawaida hauulizwi. Mimi nilishinda.

Yaani mgombea wangu alishinda. Kazi yangu ilikuwa kupanga foleni na kutumbukiza karatasi, lakini usiku matokeo yalipotangazwa ungedhani kura zote nilizihesabu mwenyewe. Niliingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, nikaweka stika ya mtu anayecheka hadi machozi, na chini yake nikaandika: "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Sikumtaja mtu. Kila mmoja alijua kijembe kile kinakwenda kwa nani. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikuwa amekipigia kampeni chama cha upande wa pili kwa miezi, kwa miguu yake na kwa pesa za mfukoni mwake. Hazikupita dakika tano yakatokea yale maandishi madogo ya kijivu: ametoka kwenye kundi.

Miezi saba ilipita tukiwa watu wa "hujambo, sijambo". Tukikutana kwenye shughuli za familia yeye anakaa huku, mimi kule, na dada yangu katikati akijifanya haoni.

Tangu hapo ule msemo haujaniacha. Nimejaribu kukumbuka kama nimewahi kumsikia aliyeshindwa akiutumia, sikumbuki hata mmoja. Ni sawa na "yaliyopita si ndwele, tugange yajayo": asubuhi ya pili baada ya matokeo, anayelitamka neno hilo ni yule mwenye faida ya kutaka yapite. Methali zenyewe hazina kosa. Lakini zikitoka mdomoni mwa mshindi siku ile, masikio ya mwenzake yanasikia neno moja tu: nyamaza. Nilijaribu hata kumwambia dada yangu kwamba tusikubali siasa itugawe. Akanitazama, akasema, "Siasa haijatugawa, kaka. Umetugawa wewe."

Kwa hiyo jibu langu ni hili: aliyeshinda ndiye aende kubisha hodi, na aende kabla hajaitwa. Aliyeshindwa akianza yeye, kila atakalosema litapokewa kama malalamiko, akikasirika ni "hajakubali," akinyamaza ni "amenuna," akicheka ni "anajikaza." Mshindi hana kizuizi hicho. Anaweza kuuliza swali bila kudhaniwa anaomba huruma.

Na isisahaulike kwamba mshindi mara nyingi amewashinda karibu nusu ya watu anaoishi nao. Zanzibar mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, matokeo rasmi ya urais yalimpa Salmin Amour asilimia 50.2 na Maalim Seif Sharif Hamad asilimia 49.8. Upande wa pili haukuyakubali. Miaka iliyofuata, Unguja na Pemba kulikuwa na watu waliosusiana hadi mazikoni na arusini, jirani kwa jirani. Chaguzi mbili zaidi zilipita katika hali hiyo. Mambo yalianza kulegea Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walipokutana Ikulu na kuzungumza, na Julai 2010 wananchi karibu theluthi mbili wakapitisha kwa kura ya maoni serikali ya umoja wa kitaifa. (Nayo ikaja kutikisika tena 2015, matokeo yalipofutwa. Maridhiano si kitu cha kufunga kwenye sanduku ukasahau ulikoweka ufunguo.)

Kilichonifundisha zaidi, hata hivyo, ni namna Wakenya walivyopanga mazungumzo yao mwanzoni mwa 2008. Baada ya kura ya Desemba 27, 2007, watu zaidi ya 1,100 walikuwa wameuawa na mamia ya maelfu wamefukuzwa makwao. Chini ya usuluhishi wa Kofi Annan pande mbili zilikubaliana kuhusu ajenda nne. Ya kwanza ilikuwa kusimamisha ghasia. Ya pili, kuwasaidia walioumia na kuanza kuwapatanisha watu. Mgogoro wenyewe wa kisiasa, ule wa nani awe na madaraka gani, ulikuwa wa tatu. Ya nne ndiyo ile ambayo Wakenya wanaitaja hadi leo: ardhi, umaskini, vijana wasio na kazi, katiba. Mkataba wa kugawana madaraka ulitiwa saini Februari 28, na tume ya Jaji Kriegler iliyochunguza uchaguzi ule ilikuja kusema kwamba kwa jinsi ulivyovurugika, haiwezekani kujua nani alishinda. Fikirini jambo hilo. Waliketi serikali moja bila kukubaliana kuhusu swali lililowagombanisha.

Sisi majumbani tunaanzia ajenda ya tatu. Tunakaa tu, hatujapozana, tayari tunabishana nani aliiba na nani ni mjinga.

Basi nilipokwenda kwa shemeji nilijiwekea mpaka: leo ni ajenda ya kwanza peke yake. Nilimwomba radhi kwa ile stika na ule msemo. Kwa kura yangu sikuomba radhi, wala yeye hakutaka niombe, na nadhani hapo ndipo wengi wanapokwama: wanaogopa kwamba kumwomba mtu msamaha kwa kejeli ni kukana walichokipigia kura. Ni vitu viwili.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Shemeji, wewe ulifikiri namlilia mgombea. Kuna vijana niliwashawishi wakajiandikishe kwa mara ya kwanza. Walikuwa hawataki, wanasema kura haibadilishi kitu, mimi nikawabembeleza. Usiku ule wananipigia simu wananiuliza, haya, sasa? Sina la kuwajibu. Ndipo nafungua simu nakuta unacheka."

Miezi saba nilikuwa nimejijibu mwenyewe kwa niaba yake. Nilishasema kwamba ana hasira kwa sababu alitarajia cheo, kwa sababu watu wa chama kile ndivyo walivyo. "Watu wa chama kile" niliokuwa nao kichwani walikuwa wale wanaopiga kelele zaidi, ambao hata shemeji mwenyewe hawapendi. Ugonjwa huu si wangu peke yangu. Watafiti wawili, Douglas Ahler na Gaurav Sood, waliwauliza Wamarekani wanafikiri ni asilimia ngapi ya wafuasi wa chama cha Republican wanaopata zaidi ya dola 250,000 kwa mwaka. Kwa wastani watu walikisia 38. Ukweli ni kama 2. Ukimchukia mtu kwa sababu ya asilimia 36 ambazo hazipo, unazungumza na kivuli.

Mtaniuliza kama mazungumzo hubadilisha chochote. Yetu hayakubadilisha kura ya mtu, na sikwenda kwa ajili hiyo. Lakini yapo majaribio ya David Broockman na Joshua Kalla, yaliyochapishwa 2016, ya watu waliobisha hodi majumbani mjini Miami na kuzungumza kwa dakika kama kumi kuhusu chuki dhidi ya watu waliobadili jinsia. Hawakuhubiri. Walimwomba mwenye nyumba akumbuke siku aliyowahi kuhukumiwa kwa kuonekana tofauti. Miezi mitatu baadaye chuki ilikuwa bado imepungua. Kampeni zinatumia mabilioni kutafuta matokeo kama hayo, na mara nyingi hayadumu.

Ajenda ya tatu tuliifikia wiki kadhaa baadaye, na hapo nilikosea tena. Shemeji anaamini hesabu zilichezewa kwenye kujumlisha. Nikaanza kumhoji kama wakili: kituo gani, fomu gani, nani aliona? Akafunga mdomo. Nikajirudi, nikauliza tofauti: "Ungeona nini ndipo uamini matokeo?" Akasema fomu zote za vituo ziwekwe wazi kila mtu ajumlishe mwenyewe. Jirani zetu wa Kenya walifanya karibu hivyo 2022. Fomu za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa mtandaoni, watu wakajumlisha na kalkuleta zao. Kesi ilifika Mahakama ya Juu hata hivyo, lakini angalau ugomvi ulikuwa na karatasi za kushika. Nilikuwa bado nafurahia swali langu zuri, naye akanigeuzia: "Na wewe, ungeona nini ndipo ushuku?"

Sikuwa na jibu. Nimelifikiria hadi leo na naona aibu kidogo, kwa sababu jibu la kweli wakati ule lilikuwa: hakuna. Mgombea wangu alishinda, ningeshuku nini?

Mawili mafupi. Usijaribu haya kwenye kundi, watu arobaini wakiwa watazamaji. Nenda mwenyewe, na kama ni mbali piga simu. Na mtu akikwambia kwamba watu wa aina yako hawana haki ya kuishi hapo mlipo, hiyo si tofauti ya maoni, na hulazimiki kumpelekea radhi wala swali. Shemeji yangu hajawahi kusema hivyo, na walio wengi wa upande wake hawasemi.

Wapo wanaoona suluhisho ni kupiga marufuku siasa kwenye familia. Kundi letu liliweka sheria hiyo. Kwa sasa tunatumiana picha za maua na dua za Ijumaa, na kila mtu anajua nani hasemi nini.

Shemeji hajarudi kwenye kundi. Nilimwuliza kama nimwombe msimamizi amrudishe. Akasema hapana, anasubiri uchaguzi ujao. Anataka aone, siku mgombea wangu akianguka, mimi nitaandika nini.