Maswali yenu: UPR, Geneva na mahakama mbili za Arusha

Swali: Asasi yetu ina miezi minane tangu isajiliwe. Tunapataje hadhi ya ushauri ya ECOSOC (Baraza la Uchumi na Jamii la Umoja wa Mataifa) ili tushiriki UPR, yaani mapitio ya hali ya haki za binadamu ya nchi yetu yanayofanywa na nchi nyingine kule Umoja wa Mataifa, Geneva?

Mmechanganya mambo mawili. Hadhi hiyo, inayoipa asasi nafasi katika vikao vya Umoja wa Mataifa, huombwa na asasi iliyotimiza miaka 2, dirisha hufungwa Juni 1 kila mwaka, na kamati ya nchi 19 inayopitia maombi yaweza kuwarudishia swali juu ya swali, kikao hadi kikao. Maombi hayana ada. Anayewadai pesa ya "kufungua faili" ni tapeli. Ila kupeleka andiko la UPR hakuhitaji hadhi hiyo hata kidogo. Andikeni.

Swali: Tuna ripoti ya kurasa 40. Tuipeleke nzima?

La. Kikomo ni maneno 2,815 kwa asasi moja, 5,630 kwa azaki (asasi za kiraia) zilizoungana. Tanbihi hazihesabiwi, lakini msizigeuze ripoti ya pili. Maandiko ya azaki zote kuhusu nchi moja hubanwa kuwa muhtasari wa kurasa kama 10, kwa hiyo jasho lenu lote litatoka humo kama sentensi mbili. Chagueni mada tatu. Kila mada ianze na pendekezo la nchi nyingine ambalo serikali ililikubali katika UPR iliyopita, kisha kilichofanyika au kutofanyika, kisha ombi lenu. Na ombi liwe na meno. "Kuimarisha haki za wasichana" serikali yoyote italikubali na kulala usingizi. "Kurekebisha vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, kama ilivyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Tanzania 2019" ni jambo linaloweza kukaguliwa.

Andikeni kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania. Kiswahili bado hakipokelewi. Andiko likichelewa haliingii. Hili hamkuuliza, ila lisikieni: andiko huwekwa mtandaoni kama lilivyo, na jina la asasi juu yake. Majina ya waathirika, na kijiji ambacho kila mtu anamjua kila mtu, yafuteni kabla ya kutuma.

Swali: Nani atatulipia nauli ya Geneva?

Mwende kufanya nini? Katika mjadala wa UPR kule Geneva, wa saa tatu na nusu, nchi ndizo zinazosema. Azaki huketi na kusikiliza. Kila nchi hupewa muda mfupi mno, na mapendekezo yake yamekwisha andikwa. Kazi ni miezi miwili mitatu kabla, kwenye balozi zilizoko Dar es Salaam au Nairobi. Pelekeni ukurasa mmoja wenye mapendekezo mawili, mkiwa mmeshasoma ubalozi ule uliuliza nini mzunguko uliopita. Nauli ya daladala inatosha, ingawa haina posho wala picha ya bendera.

Swali: Serikali "imezingatia" pendekezo letu. Tumeshinda?

Hapana. Huko ndiko kukataa kwa adabu.

Swali: Tanzania ilijitoa Mahakama ya Arusha. Basi hatuna pa kwenda?

Someni kabla ya kuuliza, jamani. Arusha kuna mahakama mbili. Mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na azaki kuishtaki moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Haikujitoa katika mahakama yenyewe. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iko wazi kwa mkazi yeyote wa nchi mwanachama anayedai Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umevunjwa, na si lazima amalize kwanza mahakama za nyumbani. Mtego ni muda: miezi 2 tangu tendo lifanyike au mlipolijua. Msitegemee hoja kwamba uvunjaji "unaendelea". Katika shauri la mateso ya Mlima Elgon, Kenya, kitengo cha rufaa kiliikataa 2012, na kesi ikafia mlangoni. Asasi inayotumia miezi mitatu kumwandikia mfadhili ada ya wakili imekwisha kushindwa kabla wakili hajafungua jalada.