Chafya za Babu Yako

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Umeniuliza kwa nini unapiga chafya mbili tatu kila utokapo ofisini na kulikabili jua la adhuhuri, hali huna mafua, na kama ni kweli, walivyokuambia wenzako, kwamba moyo husimama mtu anapopiga chafya.

La moyo nilimalize kwanza: hausimami. Shinikizo la kifuani hupanda, mapigo yakabadilika kidogo, kisha yakarudia mwendo wake.

La jua ndilo lenye utamu. Chafya ya kawaida huanzia puani, pale vumbi au pilipili inapoigusa ngozi laini ya ndani, na neva ya tano ya kichwa ikapeleka habari kwenye shina la ubongo, ambako hutoka amri ya kifua, koo na macho kutenda kwa pamoja. Kwa watu kama sisi, wataalamu wengi hudhani kwamba mwanga mkali wa ghafla huisisimua neva hiyohiyo kwa njia ya jirani yake, neva ya macho, nayo ikaripoti muwasho ambao puani haupo. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watu 18 hadi 35 katika kila 100, kwa hiyo usijione wa ajabu. Katika maandishi ya Kigiriki yanayonasibishwa na Aristotle, liliulizwa swali kwa nini joto la jua huleta chafya na la moto halileti. Karne ya 17, Mwingereza Francis Bacon akabainisha kwamba ukilikabili jua huku umefumba macho, chafya haiji. Basi joto halina kosa. Jaribu mwenyewe kesho mlangoni.

Hali hii hurithiwa, na mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu. Wewe umeitoa kwangu, nami kwa babu yako. Namwona hadi leo akitoka msikitini siku ya Ijumaa, hapa Tanga, akisimama kwenye ngazi, uso umekunjamana, mkono ukitafuta leso mfukoni mwa kanzu. Chafya ya kwanza alisema "Alhamdulillahi", na wazee wa barazani wakamjibu "Yarhamukallahu". Ya pili vivyo hivyo, na ya tatu pia. Ya nne hawakuijibu, kwani walifundishwa kwamba anayezidisha tatu ana mafua, wakaanza kumwombea shifaa. Babu alikasirika kwelikweli: "Mimi si mgonjwa, ni jua!" Hakuna aliyemsadiki, hata mimi niliyemshikia viatu.

Usiizuie kwa kubana pua na mdomo. Mwaka 2018 madaktari wa Leicester, Uingereza, walieleza habari za mtu wa miaka 34 aliyefanya hivyo akapasuka koo, akalishwa kwa mpira siku saba. Na uendeshapo gari, vaa miwani ya jua kabla hujatoka kivulini, kwa sababu macho hujifumba yenyewe.

Mlipotuletea mjukuu likizo iliyopita, nilimbeba asubuhi kumtoa ukumbini hadi uani. Jua lilipompiga usoni alikunja pua, akapiga chafya mbili. Mama yako akaitikia kutoka jikoni, "Kua, mwanangu!" Mimi nilikuwa nikingoja ya tatu, nayo ikaja.

Baba yako