Nimesoma Mifugo, Nataka Ushauri Elekezi: Nianzie Wapi?

SWALI: Nilihitimu shahada ya sayansi ya wanyama SUA mwaka jana. Nimetuma maombi kwenye kampuni kadhaa za ushauri elekezi (consulting), Dar es Salaam na Nairobi, sijaitwa hata mara moja. Wenzangu waliosoma biashara wananiambia kazi hizo ni zao. Nirudi chuoni nikasome MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara?
*Mhitimu, Morogoro*

JIBU: MBA iache kwanza. Inamfaa zaidi mtu aliyekwisha kufanya kazi miaka mitatu au minne. Ukiisoma bila uzoefu utatoka na deni, halafu utaomba nafasi ileile ya ngazi ya chini unayoiomba leo. McKinsey na BCG, kampuni kubwa za kimataifa za ushauri ambazo zote zina ofisi Nairobi, huajiri wahandisi, madaktari na wanasayansi. Shahada yako haikufungii njia. Tatizo tunaloliona mara nyingi kwa wahitimu kama wewe ni wapi wanapoomba na namna CV inavyosomeka.

Kampuni kubwa za uhasibu, Deloitte, PwC, KPMG na EY, zina idara za ukaguzi wa hesabu, kodi na ushauri. Mhitimu asiye wa biashara akijaza fomu bila kuchagua idara, anaishia kushindanishwa na watu walioanza mitihani ya uhasibu ya CPA, na hapo hana nafasi. Taja idara ya ushauri, na barua yako ieleze sekta moja unayoijua: maziwa, nyama, vyakula vya mifugo.

Lakini mahali ambapo shahada yako ina thamani kubwa ni kwenye kampuni ndogo na za kati zinazoishi kwa zabuni za miradi ya serikali na wafadhili. Zabuni hizo hutolewa alama, na sehemu ya alama huenda kwa sifa za wataalamu ambao CV zao zimeambatishwa. Kampuni ikiomba kazi ya kutathmini mnyororo wa thamani wa maziwa, yaani hatua zote kutoka kwa mfugaji hadi kwa mlaji, haiwezi kupeleka timu ya wahasibu watupu. Hutahesabiwa mtaalamu mkuu, maana nafasi hiyo hudai miaka mingi ya kazi, ila mtafiti msaidizi unaweza kuwa. Usisubiri tangazo. Fuatilia matangazo ya zabuni za sekta yako, angalia ni kampuni zipi hushinda, kisha mwandikie barua pepe fupi mkuu wa kitengo husika: umesomea nini, unaweza kwenda uwandani lini, na kwamba unajua kutengeneza dodoso kwenye KoboToolbox, programu ya kukusanya takwimu, na kusafisha takwimu kwenye Excel. Kama hujui, jifunze kabla ya kuandika. KoboToolbox ina akaunti ya bure. Kazi ya wiki chache ya kukusanya na kuchambua takwimu ndiyo itakayokupa mstari wa kwanza wenye uzito kwenye CV.

CV yenyewe iwe ukurasa mmoja. "Nilishiriki utafiti wa lishe ya ng'ombe wa maziwa" haimwambii msomaji chochote. "Nilipima maziwa ya ng'ombe 48 kwa wiki 16, nikalinganisha aina mbili za chakula na gharama ya kila lita" inamwonyesha mtu anayefikiri kwa namba na fedha. Weka namba zako za kweli, kwa sababu utaulizwa.

SWALI: Nimeitwa kwenye usaili, nimeambiwa kutakuwa na "kesi". Nimesoma sosholojia. Wanataka nini hasa?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Wanakupa tatizo la biashara, wanatazama unavyolipanga, unavyokokotoa na unavyofikia uamuzi. Mfano: Dar es Salaam inanunua lita ngapi za maziwa kwa siku? Sensa ya 2022 ilihesabu watu takribani milioni 5.4. Tuseme kaya moja ina watu 4: kaya milioni 1.35. Tuseme theluthi moja hununua nusu lita kila siku: kaya 450,000, lita 225,000. Usiishie hapo. Gawanya kwa idadi ya watu: mililita 42 kwa mtu, kiasi kidogo cha chai ya maziwa, kwa hiyo inaingia akilini. Kisha sema ulichoacha: migahawa, hoteli, shule.

Baada ya hapo wanaweza kukuuliza kama kiwanda kipya kitalipa. Kinanunua lita kwa shilingi 1,200, ufungashaji na usafiri ni 200, kinauza 2,000. Kila lita inabakiza 600. Gharama zisizobadilika, yaani pango, mishahara na kadhalika, zikiwa milioni 12 kwa mwezi, kinahitaji kuuza lita 20,000 kwa mwezi ili kisipate hasara wala faida. Hesabu hiyo ya mwisho waliosoma biashara huijua tangu mwaka wa kwanza, basi ifanye mpaka uizoee.

Wengi huanguka kwa mambo matatu. Hukariri mpangilio mmoja na kuulazimisha kwenye kila swali, hata la hospitali. Hukokotoa kimya, msaili asijue walipopotelea. Na hawatoi uamuzi. Humaliza kwa "inategemea". Sema "ningejenga" au "nisingejenga", toa sababu mbili, taja hatari moja. Fanya kesi ishirini hivi kwa sauti, na mtu mwingine akikuuliza. Kuzisoma peke yako kimyakimya kunasaidia kidogo sana.

SWALI: Nimesoma fasihi, na hesabu sikufanya vizuri KCSE. Nijitoe?
*Msomaji, Nakuru*

JIBU: Kampuni zinazochuja kwa matokeo ya sekondari zitakuacha, hilo hatukufichi. Zilizobaki zitakupa mtihani wa namba wenye asilimia, uwiano na kusoma majedwali, kwa muda mfupi. Hakuna hesabu za juu kama kalkulasi (calculus) ndani yake. Jizoeze dakika 20 kila siku bila kikokotoo, na andika sifuri zote unapochanganya maelfu na mamilioni, kwani makosa mengi hutokea hapo. Uandishi wako nao uonyeshe: chukua ripoti ndefu ya umma, ifupishe kwa ukurasa mmoja wenye mapendekezo, uiambatishe kwenye ombi lako.