Kutoitika mtandaoni si hali ya kifaa

SWALI: Rejista yetu ina kompyuta 312 zenye hali ya "inatumika", lakini programu ya kuskani mtandao inaona 271 tu. Mtaalamu aliyetuuzia programu hiyo anashauri tuiruhusu ibadilishe yenyewe hali ya kifaa kisichoonekana kwa siku 30 kuwa "kimeondolewa". Tukubali?

JIBU: Msikubali. Ushauri huu nakutana nao kila mara, na unaniudhi kwa sababu anayeutoa hatakuwepo siku mtakapouliza mashine zilikwenda wapi.

Programu ya kuskani inajua jambo moja tu: kifaa kimeitwa, kimeitika au hakikuitika. Laptopu iliyofungiwa kwenye droo ya mfanyakazi aliye likizo ya uzazi haiitiki. Iliyoibwa haiitiki. Iliyo stoo ikimsubiri mfanyakazi mpya haiitiki, na ile ambayo diski yake ilishapondwa nayo haiitiki. Ya kwanza inaachwa ilipo. Ya pili inatakiwa kufungiwa akaunti na kufutwa data kwa mbali siku hiyo hiyo. Mkiziita zote "zimeondolewa", ile ya wizi hakuna atakayeitafuta tena.

Hali ya kifaa ni uamuzi wa mtu, wenye tarehe, jina na sababu. Hata ISO 10007, mwongozo wa kimataifa wa kufuatilia muundo wa bidhaa na mabadiliko yake, unatenganisha kazi mbili: kutunza kumbukumbu za hali, na kukagua kama kumbukumbu hizo ni za kweli. Kuskani ni ukaguzi. Kazi yake ni kuonyesha pale rejista inapopishana na ukweli, na mtu ndiye anayekwenda kuangalia. Mkaguzi akipewa ruhusa ya kufuta tofauti anazozikuta, hamna tena ukaguzi.

Hizo kompyuta 41 zipeni hali ya muda, tuseme "inatafutwa", na kila moja iwe na mtu wa kuifuatilia. Mwanzieni aliyesaini kuipokea. Linganisheni namba ya kiwandani iliyo chini ya mashine, si jina la kompyuta, maana jina hubadilika mashine inapowekewa mfumo upya; ndiyo maana mashine moja huweza kukaa kwenye rejista mara mbili. Msitegemee anwani ya kadi ya mtandao pia. Adapta ya USB inayopokezanwa na watu watatu huifanya skani ione mashine moja badala ya tatu, na sitashangaa mkikuta baadhi ya hizo 41 ziko mezani zinatumika.

Linalonitia hofu zaidi ni neno "kimeondolewa" lenyewe. Kifaa kisifike hapo bila hati ya kufutwa au kuharibiwa kwa data yenye namba yake ya kiwandani. Benki ya Morgan Stanley ya Marekani iliipa kampuni ya uhamishaji mizigo, isiyo na uzoefu wa kuharibu data, kazi ya kuondoa maelfu ya diski na seva. Baadhi ya vifaa viliishia kuuzwa kwenye mnada wa mtandaoni vikiwa na data za wateja. Katika zoezi jingine la kubadilisha vifaa vya matawi, seva 42 hazikuonekana. Septemba 2022 benki hiyo ilikubali kulipa dola milioni 35 kwa SEC, wasimamizi wa masoko ya mitaji. Hiyo ni benki yenye fedha na watu. Ofisi ndogo inayoiachia programu ihesabu siku 30 inajiweka pabaya zaidi.

Kama mmeshaiwasha kanuni hiyo, izimeni leo. Kisha toeni orodha ya vifaa vyote ambavyo mara ya mwisho hali yake ilibadilishwa na akaunti ya programu, siyo ya mtu. Hivyo vitafuteni kwanza, kabla hata ya hizo 41.